Kwa Murhula, Nyuma ya Bahasha

Murhula,
bahasha yako nimeifungua usiku, umeme ulipokubali kurudi,
nikazipanga picha juu ya meza ya kukatia pasipoti,
kumi na saba, mbili zimegandana kwa unyevu.
Umeandika juu: Samahani, kamera ni ya kuazima.
Ifute hiyo samahani.
Mpishi haombi radhi kwa niaba ya chungu.

Tuanze na ziwa, maana umelipiga mara sita.
Jua linazama, maji mekundu, sawa, nimeona.
Kivu lilikuwa zuri kabla wewe hujanunuliwa viatu
na halina haja ya shahidi mwingine.
Bakiza moja, ya mama yako.

Lakini ile ya ngazi za Kadutu, asubuhi ya matope,
mwanamke na beseni la sambaza kichwani,
kisigino kimoja hewani, bado kinaamua pa kutua,
hapo nilisahau chai.
Ni kweli beseni umelikata nusu.
Ni kweli kidole chako kipo pembeni, kinene kama ndizi.
Kisigino hakijali.

Sasa nikuume kidogo.
Unasimama mbali. Karibu zote hizi umesimama mbali
kama mtu anayepita mbele ya duka linalomdai.
Yule fundi viatu wa Nyawera huweka sindano mdomoni,
mimi najua, miaka kumi amenishonea,
wewe umeniletea kofia yake na ukuta mwingi.
Sogea. Msalimie. Kaa kwenye kibao chake, mpe kiatu ashone,
akishakusahau ndipo uinue kamera.

Halafu nyumba zako zote zimelala upande.
Utasema, Mama Cibalonza, Bukavu yenyewe imelala upande,
na utakuwa na haki: huku mtu akiangusha chungwa Buholo
atalifuata hadi ziwani.
Ndiyo maana nakwambia tafuta maji.
Maji hayajui kupanda mlima wala kupendelea.
Yakikaa sawa kwenye picha,
nyumba ziache zishikiliane zenyewe.

Ya mtoto anayelia nimeigeuza uso chini.
Ulimwuliza nani? Mama yake alikuwa wapi?
Wengi wamekuja hapa na lenzi ndefu,
wakatafuta kidonda, wakakipata, wakapanda ndege.
Wewe utabaki.
Kesho utakutana na mtoto huyo kwenye bomba la maji
na atakuwa anakukumbuka.

Mimi si fundi mkubwa, usinivike kilemba cha ukoka.
Miaka thelathini nimesema maneno manne:
Kaa wima. Usicheke. Tayari.
Sijui nyuso elfu ngapi zimepita kwenye kiti hiki,
zote zimenuna kwa ajili ya serikali,
na wengine, picha hiyo ndogo ndiyo iliyotangulia jeneza lao.
Sikumpiga hata mmoja akitembea.
Kisigino hewani sijui hukamatwaje.
Wewe ulijuaje?

Kuna moja umeitia msalaba kwa kalamu: imeharibika.
Kivuli chako kimeangukia mkeka wa muuza maharagwe,
naye ameinua kiganja kukinga jua,
na nusu ya jua umelikinga wewe.
Murhula, hilo si kosa.
Hapo ndipo uliposogea, mara moja tu, bila kujijua.

Nimeitundika kando ya kioo cha wateja.
Leo bwana mmoja wa viza alikuja kuchana nywele,
akaitazama, akaitazama,
akaondoka na kitana changu.

Njoo Alhamisi kama umeme upo. Kama haupo njoo vilevile,
nitakufundisha kuzuia pumzi.
Lenzi usiifute kwa shati.
Na mwenye kamera, mwambie asubiri kidogo.